Jina kwenye Lebo: Jimmie Rodgers, kutoka Bristol hadi Kapkatet

Usiku wa tarehe 3 Agosti 1927 vijana wanne waligombana kuhusu jina. Walikuwa Bristol, mji ambao barabara yake kuu ndiyo mpaka wenyewe: ukisimama upande huu uko Tennessee, ukivuka barabara uko Virginia. Kesho yake walikuwa waende kurekodi mbele ya Ralph Peer, mtu wa kampuni ya santuri ya Victor, aliyekuwa amepanga nafasi katika jengo la kampuni ya kofia na kuweka humo mitambo yake. Wachezaji wakawa wanashuka kutoka milimani, huyu na fidla, yule na banjo, kujaribu bahati.

Swali lililowagombanisha lilikuwa dogo, ukilisikia juu juu. Santuri ikitoka, ile karatasi ya duara ya katikati itaandikwa nini? Watatu kati yao walikuwa na bendi yao tangu zamani, Tenneva Ramblers. Wa nne alijiunga nao mwaka huohuo, wakapiga pamoja redioni kule Asheville, na huko redioni bendi ilikuwa ikitangazwa kwa jina lake yeye. Sasa wenzake wakasema hapana, safari hii jina letu. Hawakuelewana. Asubuhi ilipofika, bendi ilikwenda kivyake na yule wa nne akaenda kivyake, na gitaa lake.

Huyo wa nne alikuwa Jimmie Rodgers. Alikuwa na miaka 29, mke, binti, na mtoto mwingine aliyezikwa, hana kazi, na kifua kikuu kilikuwa kimeshapatikana mapafuni mwake tangu 1924. Aliimba nyimbo mbili, wimbo wa mwanajeshi na mpenzi wake, na wimbo wa kumbembeleza mtoto alale. Akalipwa dola 100, yaani 50 kwa kila wimbo, akaondoka. Leo vitabu vinamwita baba wa muziki wa kantri. Kazi yake yote ya kurekodi, kuanzia siku ile hadi siku mbili kabla ya kifo chake, haikufika miaka sita.

Nimeanza na ugomvi ule kwa sababu naona ndani yake mna habari nzima ya mtu huyu. Jina la nani liandikwe, na la nani liachwe. Ukiifuata hiyo karatasi ya duara utafika mbali, mpaka Kapkatet huku kwetu Kenya, na nitafika huko.

Kwanza, kwa nini lebo ilikuwa na uzito namna ile? Si sifa tu. Peer alikuwa mfanyabiashara mwerevu kuliko wote waliozunguka kusini mwa Marekani na mitambo ya kurekodi. Hakuitegemea Victor kwa mshahara. Faida yake aliitafuta kwenye haki za nyimbo. Kwa hiyo alichotaka ni wimbo mpya, au wa zamani uliobadilishwa kiasi cha kuweza kusajiliwa kama mali. Wimbo ambao kila bibi anaujua hauna mwenyewe, na usio na mwenyewe hauingizi senti. Wimbo uliosajiliwa kila santuri ikiuzwa kuna kinachodondoka: kidogo kwa aliyetajwa kuwa mtunzi, na kwa Peer pia. Basi jina kwenye lebo lilikuwa kama hati ya shamba. Wale vijana wa Tenneva hawakuwa wajinga kugombania.

Rodgers alilielewa hilo upesi. Santuri yake ya kwanza ilipotoka na kuuzwa wastani tu, hakungoja kuitwa. Novemba mwaka uleule alipanda treni hadi New York, akachukua chumba hotelini ambacho hakuwa na uhakika wa kukilipia, akampigia Peer simu kumwambia nipo mjini, tayari kurekodi. Ujasiri huo! Peer akampeleka Camden, New Jersey, na tarehe 30 Novemba akaimba wimbo ulioandikwa kwenye lebo "Blue Yodel". Huo ndio uliomfungulia dunia. Uliuzwa kwa mamia ya maelfu, na baada yake akarekodi nyingine za namna hiyo, zikawa 13 zenye kuhesabiwa kwa namba, kama sura za kitabu.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia yodeli: mwimbaji anaimba kwa sauti ya kawaida ya kifuani, halafu ghafla sauti inavunjika na kuruka juu, kwenye sauti nyembamba ya kichwani, kisha inarudi chini, tena juu, bila maneno. Wachungaji wa milima ya Uswisi waliitumia kuitana ng'ambo kwa ng'ambo. Marekani ilikuwa imeshazoeleka kwenye majukwaa ya vichekesho, na wengine walikuwa wameshairekodi kabla ya Rodgers. Bluzi nayo ilikuwa imeshazoeleka, muziki wa Weusi wa kusini, mistari mitatu, wa kwanza unarudiwa, wa tatu unajibu. Alichofanya Rodgers ni kuyafunga mambo hayo mawili kamba moja. Anaimba bluzi, na pale ambapo mpiga gitaa mwingine angeweka kipande cha gitaa, yeye anaruka na yodeli. Ukisikiliza vizuri, ile yodeli hailii wala haichekeshi. Iko katikati, kama mtu anayepiga mbinja akipita makaburini.

Hiyo bluzi aliitoa wapi? Hapa ndipo majina yanapoanza kupotea.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na kwao ni Meridian, Mississippi, mji wa makutano ya reli. Mama yake alifariki akiwa mtoto mdogo. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa genge la mafundi wa njia ya reli. Mtoto alipotimiza miaka kama 13 hivi alishinda shindano la kuimba, akatoroka na msafara wa wauza dawa, wale wanaoimba na kuchekesha watu kwanza kisha wanawauzia chupa za dawa ya kila ugonjwa. Baba akamfuata, akamrudisha, akampa kazi relini. Alianza kwa kuwabebea maji wafanyakazi wa njia, na wengi wa wafanyakazi hao walikuwa Weusi. Kazi ya kunyoosha reli ni ya watu wengi kusukuma kwa pamoja kwa mtaimbo, na hakuna kusukuma pamoja bila wimbo. Mmoja anaongoza, genge linaitikia na kusukuma kwenye pigo. Mtoto mwenye ndoo ya maji alisimama hapo siku nzima. Wote wanaoandika habari zake wanakubali kwamba hapo ndipo aliposoma. Walimu wake hakuna anayewajua kwa jina hata mmoja.

Baadaye akawa mtu wa breki. Siku hizo treni ya mizigo ilikuwa na watu wanaopita juu ya mabehewa ikiwa inakwenda, mvua au jua, kufunga breki kwa mkono. Ndiyo maana matangazo yalimwita mfunga breki mwimbaji, na mwaka 1929 akatengeneza filamu fupi yenye jina hilo, amevaa ovaroli na kofia ya reli, safi kabisa kama iliyotoka dukani. Ukweli ni kwamba wakati huo reli ilikuwa imeshamwacha kwa sababu ya mapafu. Na kabla ya santuri alikuwa amezunguka tena na misafara ya wauza dawa, na humo alipaka uso rangi nyeusi na kuigiza Mweusi wa kuchekesha, kama ilivyokuwa desturi ya waigizaji Weupe wa wakati ule. Siwezi kuliruka jambo hilo kwa adabu ya marehemu. Mtu yuleyule aliyebeba maji na kusikiliza kwa heshima alisimama jukwaani akawafanya waliomfundisha kichekesho. Yote mawili ni yeye.

Na kampuni nazo zilikuwa na orodha mbili. Santuri za Weusi ziliuzwa kwa Weusi katika katalogi yao, na za Weupe wa mashambani ziliuzwa katika katalogi nyingine. Neno kantri lenyewe halikuwa limeshika bado. Masikioni muziki ulikuwa umechanganyika kama mchele na mchanga, lakini dukani ulipepetwa.

Sasa sikia hii. Tarehe 16 Julai 1930, Los Angeles, Rodgers alirekodi "Blue Yodel" namba 9. Nyuma yake kuna tarumbeta na piano. Tarumbeta inapigwa na Louis Armstrong. Piano inapigwa na mkewe, Lil Hardin Armstrong. Yaani mwanamuziki mkubwa kuliko wote wa jazi na mwimbaji mkubwa kuliko wote wa upande wa pili, chumba kimoja, kipaza sauti kimoja. Rodgers alikuwa na tabia ya kutoheshimu hesabu ya mapigo. Akitaka kuvuta neno analivuta, akitaka kuongeza pigo anaongeza, na wapigaji wengi walihangaika kumfuata. Armstrong anamfuata kama kivuli. Anajaza kila pengo, haharaki, hamkanyagi. Santuri ilipotoka lebo iliandika Jimmie Rodgers. Basi. Mnunuzi wa Texas au Georgia hakuwa na njia ya kujua nani alikuwa pale. Mwaka 1970, miaka 40 baadaye na karibu mwaka mmoja kabla ya kufa, Armstrong alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Cash, wakaupiga wimbo huo pamoja mbele ya watazamaji, na jina likasemwa hadharani.

Mwaka 1931 huko Louisville alirekodi pia na bendi ya Weusi ya Clifford Hayes, wapiga fidla na mtungi. Tena si jambo la kawaida kwa wakati ule na mahali pale. Sidhani alikuwa anafanya siasa. Nadhani masikio yake yalikuwa na akili kuliko katalogi.

Kuna mwingine ambaye naona anastahili aya yake: Elsie McWilliams, shemeji yake, dada wa mkewe Carrie. Alikuwa Meridian, mpiga piano wa kanisani, anajua noti, jambo ambalo Rodgers hakulijua kabisa. Peer alikuwa anadai nyimbo mpya mfululizo, na Rodgers hakuwa mtunzi wa kukaa chini akatoa nyimbo kama anayefinyanga vyungu. Akamwomba shemeji amsaidie. Bi Elsie akaandika, akasafiri kumfundisha, maana hata kusoma noti za wimbo ulioandikwa kwa ajili yake Rodgers asingeweza. Nyimbo alizochangia zinakaribia 40 katika zaidi ya 100 alizorekodi. Kwenye nyingi alikataa jina lake lisiandikwe. Aliona ni kuisaidia familia ya dada yake, na pesa ziende kwa mgonjwa. Mwaka 1979 Nashville ikamwingiza kwenye ukumbi wake wa heshima wa watunzi wa nyimbo. Wapo watakaosema alipenda mwenyewe, na ni kweli. Lakini jaribu kuhesabu ni wanawake wangapi kwenye familia zetu "wamependa wenyewe" namna hiyo.

Na kuna mfungwa. Raymond Hall alikuwa gerezani Texas, akatuma maneno ya nyimbo, na ni mmoja wa waliotunga "T.B. Blues", ambao Rodgers aliurekodi Januari 1931 huko San Antonio. Huyu jina lake lilitajwa. Fikiria kidogo: wimbo wa kifua kikuu, umetungwa na mtu aliyefungiwa ndani ya kuta, unaimbwa na mtu aliyefungiwa ndani ya kifua chake.

Maana ugonjwa haukuwa siri tena. Tusisahau kwamba dawa ya kwanza ya kweli ya kifua kikuu, streptomaisini, iligunduliwa 1943, miaka 10 baada ya kifo chake. Kabla ya hapo dawa ilikuwa hewa safi, chakula na kupumzika. Hewa alijaribu kuinunua: mwaka 1929 alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, mji wa vilima ambao wagonjwa wa kifua waliukimbilia kwa ajili ya hali ya hewa yake. Kupumzika ndiko kulikomshinda. Nyumba ilidai pesa, madaktari walidai pesa, magari na marafiki wa bahati yake walidai pesa, na yeye mwenyewe mkono wake ulikuwa wazi mno. Basi akaendelea kwenda barabarani, maonyesho ya mahemani, kumbi za sinema. Mwanzoni mwa 1931 alizunguka Texas na Oklahoma na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha kwa ajili ya walioumizwa na ukame, yeye mwenyewe akikohoa. Nyumba ya Kerrville hakuimaliza hata kuizoea, akaiuza.

Mdororo wa uchumi nao ulikuwa umefika. Mwaka 1927, alipoanza, santuri zaidi ya milioni 100 ziliuzwa Marekani. Mwaka 1932 ziliuzwa milioni 6 hivi. Mkulima asiye na bei ya pamba hana senti 75 za santuri. Za Rodgers bado zilinunuliwa kuliko za wengi, lakini kidogo cha wengi na kingi cha wachache vyote vilikuwa vimesinyaa.

Kwa hiyo Mei 1933 alikwenda New York kufanya biashara ya mwisho, na alijua. Alihitaji pesa za kumwachia Carrie na binti yao Anita. Kampuni ilimwekea kitanda studio. Anaimba wimbo, anakwenda kulala, ananyanyuliwa, anaimba mwingine. Katika siku chache alirekodi zaidi ya nyimbo 10 kwa namna hiyo. Tarehe 24 Mei akaimba nne. Wa mwisho aliuimba peke yake na gitaa lake, kama alivyofanya Bristol. Tarehe 26 akatokwa damu mapafuni na kufariki kwenye hoteli ya Taft, miaka 35. Mwili ulirudi Meridian kwa treni.

Nimezisikiliza rekodi za wiki ile mara nyingi kutafuta dalili ya kifo. Sauti imepungua nguvu, ndiyo, na yodeli imekuwa fupi. Lakini hazina huruma ya kujionea. Anaimba kama mtu aliye kazini. Kulikuwa na bei kwa kila wimbo, na alihitaji wimbo mmoja zaidi.

Baada ya kifo, jina lilikwenda mbali kuliko treni. Weupe wengi wa kusini walianza kwa kumwiga: Gene Autry, Ernest Tubb, na wengine. Mwaka 1961 ukumbi wa heshima wa muziki wa kantri ulipoanzishwa alikuwa katika watatu wa kwanza, pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Lakini hata upande wa pili wa ukuta alisikika. Howlin' Wolf, yule jitu la bluzi la Mississippi na Chicago, alisema alijaribu kuiga yodeli ya Rodgers, ikamshinda, akatoka na ule mlio wake kama wa mbwa mwitu. Yaani bluzi iliyotoka kwa Weusi wa relini ikarudi kwa Mweusi kupitia santuri ya Mweupe, ikabadilika tena. Nani anamdai nani hapo? Mimi nimeshindwa kupiga hesabu.

Santuri zenyewe zilivuka bahari. Makampuni washirika wa Victor yalizitoa Uingereza, India, Australia, Afrika Kusini. Huko Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1930, waimbaji wa Kizulu walikuwa wameshaanza kurekodi yodeli kwa lugha yao na gitaa. Na gramafoni ile ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji umeme. Ilikwenda popote ambapo mtu aliweza kuibeba kichwani.

Leo ukimtajia Mkenya kantri atakuambia Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton, Don Williams. Atakuambia mjomba wake analia akisikia Jim Reeves Jumapili. Wapiga mugithi wa gitaa moja wanaziimba baani usiku wa manane, na tuna hata nyota wetu, Sir Elvis, na kofia yake. Rodgers hatajwi. Lakini alifika kabla ya wote hao.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, eneo la Kericho. Tracey alikuwa Mwingereza aliyekwenda Rhodesia kulima tumbaku akaishia kupenda nyimbo za vibarua wake kuliko tumbaku. Alizunguka Afrika na gari la mitambo, na baadaye akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, na kutoa mfululizo wa santuri 210. Hapo Kapkatet aliwarekodi watu wakiimba na kinanda cha nyuzi cha Kipsigis, na katika nyimbo walizomwimbia mlikuwa na jina lililojirudia: Chemirocha. Litamke taratibu. Che-mi-ro-cha. Jimmie Rodgers.

Kama wewe ni Mkalenjini umeshacheka. Majina mengi yanayoanza na Che ni ya wasichana: Chebet, Chepkoech, Cherotich. Wako kina Cheruiyot pia, najua, lakini mfunga breki wa Mississippi aliingia Kapkatet akapewa jina linalokaa vizuri ulimini, karibu na la dada wa mtu.

Wimbo unaojulikana zaidi ni ule wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Ni mfupi, nyuzi zinazunguka palepale, sauti za wasichana zinaingia na kutoka kama upepo mlangoni. Tracey aliandika maelezo kwamba Chemirocha kwa wasichana hao amekuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu swala, mwimbaji na mchezaji, na wanamhimiza aruke ile ngoma ya kuruka ya Kipsigis kwa nguvu mpaka nguo zimtoke.

Maelezo hayo yamenakiliwa tangu hapo kila mahali, na yameongezewa chumvi. Utasoma eti kijiji kizima kiliiabudu gramafoni. Eti walidhani ni mungu. Wazungu wanaipenda hadithi hii, na hata baadhi yetu tunaisambaza bila kuitazama mara mbili. Hebu itazame. Wasichana wanamwambia mwanamume mgeni, njoo ucheze, ruka, ruka zaidi, mpaka nguo zianguke. Aliyekulia karibu na ngoma yoyote ya Afrika Mashariki, au harusini tu, anajua hayo ni maneno gani. Ni utani. Ni wasichana wakimchokoza mwanamume, wakicheka chini kwa chini, na mgeni mwenye kipaza sauti anaandika kwa makini kwamba hii ni imani. Kuhusu miguu ya swala, nani asiyejua mchezaji mzuri husifiwa kwa mnyama? Sina ushahidi wa kumwonyesha Tracey, naye alikuwepo na mimi sikuwepo. Lakini kati ya kuamini kwamba wasichana wa Kapkatet wa 1950 hawakujua gramafoni inabeba sauti ya mtu, na kuamini kwamba walikuwa wanafanya mzaha, mimi nawapa wasichana akili zao.

Tena mwaka ule gramafoni haikuwa muujiza. Wanaume wa nchi hiyo walikuwa wamerudi kutoka vita vya pili, waliofika Burma na Ethiopia wakiwa KAR, na mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa yamekusanya watu wa kila kabila. Tracey mwenyewe alieleza kwamba jina hilo lilikuwa limeanza kutumika kwa mambo mapya ya kigeni kwa jumla. Mtu akifika na kitu kipya: Chemirocha hiyo. Sasa hilo ndilo jambo la kushangaza kweli, na si miguu ya swala. Jina ambalo vijana wanne walishindwa kukubaliana Bristol, lililofunika tarumbeta ya Armstrong na kalamu ya Bi Elsie, lilipofika Kapkatet likaacha kuwa la mtu. Wakalichukua kama yeye alivyochukua nyimbo za genge la relini, bila kuomba, bila kulipa, wakalitumia kwa shughuli zao.

Miaka ya 2010 ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, walianza kuzirudisha rekodi za Tracey kwa jamii zilikotoka. Kwa Wakipsigis walifika kutafuta waliorekodiwa au watoto wao, na mwaka 2015 habari ikaenea kwamba walimpata mzee aliyekuwa ameimba mbele ya kipaza sauti kile miaka 65 nyuma, yuko hai, na hakuwa ameisikia sauti yake tangu siku ile. Wakampa.

Kuhusu wasichana, maelezo ya wimbo wa tatu yanamtaja Chemutoi Ketienya. Waliobaki wameandikwa tu wasichana wa Kipsigis, na kama mmoja wao yuko hai leo ni nyanya wa miaka 90 hivi, mahali fulani kati ya Litein na Sotik, ambaye anajua kama ulikuwa utani au la.